Ziwa likifungwa, mashine ya boti ilazwe vipi?

Swali: Shikamoo fundi. Niko Katonga, Kigoma. Nina boti moja ya dagaa na mashine ya Yamaha 40, hii ya kuchanganya oili. Anaiendesha nahodha, mimi mwenyewe siingii ziwani. Msimu uliopita ziwa lilipofungwa tuliivua mashine tukaiweka stoo, tukaifunika turubai. Siku ya kufunguliwa ikagoma kuwaka. Fundi akasafisha kabureta, ikawaka, lakini wiki mbili baadaye gia ikaanza kulia na mwisho ikafa kabisa. Hela imekwenda na giza lote la kwanza likanipita. Sasa ziwa linakaribia kufungwa tena. Wapo wanaoniambia nijaze tangi petroli ili isiingie kutu, wapo wanaosema niiwashe kila wiki, na kijana wangu amenionesha video ya Wazungu wanaoimiminia injini dawa ya rangi ya waridi. Nishike lipi?

Jibu: Marahaba dada yangu, na pole sana kwa hasara. Kukosa giza zima, yaani zile siku zisizo na mbalamwezi ambazo dagaa wanavuliwa kwa taa, kwa mtu wa dagaa ni kukosa kipato cha mwezi.

Kabureta iliyoziba na gia iliyokufa ni magonjwa mawili yasiyohusiana, ila kwa maelezo yako yote mawili yalikuwa yameshaingia ndani ya mashine siku mnaifunika turubai. Petroli ilibaki kwenye kabureta. Na karibu nina uhakika maji yalikuwa tayari yamo kwenye gia boksi. Miezi mitatu ya kukaa bila kuguswa ndiyo iliyoyapa nafasi ya kufanya kazi yake. Kwa hiyo nakuomba ulishike hili kuliko yote nitakayosema: mashine inatunzwa siku ile ile inapotoka majini, au kesho yake asubuhi. Ukiingoja wiki ya mwisho kabla ya kufunguliwa, hapo hutunzi tena, unatengeneza.

Kwa wasomaji walio mbali na ziwa letu, mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaana na kukua. Ni miezi ya kiangazi, kusi linavuma, na mashine nyingi za Kibirizi, Ujiji na Katonga zinakuwa zimelala ndani ya nyumba. Miezi mitatu inaonekana michache. Kwa chuma kikavu na kilichopakwa oili ni michache kweli. Kwa petroli iliyosahauliwa kwenye kabureta ni mingi mno.

Nianze na ile video ili tuimalize. Wenzetu wa nchi za baridi wanalaza boti kwa sababu majira yao yanagandisha maji. Maji yakiganda yanatanuka kwa karibu asilimia 9, na yakiwa yamebaki ndani ya njia za kupoozea injini yanapasua bloku ya chuma. Ile dawa ya waridi ni ya kuzuia maji yasigande. Kigoma hakuna barafu, dada, na mashine yako ya kupachika ikisimamishwa wima maji yake yanatoka yenyewe. Usiitafute, usiinunue. Ila kijana wako hakukosea kuangalia, kwa sababu kazi nyingine wanazofanya wale watu kabla ya baridi, yaani za petroli, oili na gia, zinatuhusu sisi neno kwa neno.

Tuje kwenye petroli. Petroli ni mchanganyiko wa vitu vingi, na vile vyepesi, ambavyo ndivyo vinavyowasha injini kwa urahisi, ndivyo vinavyoruka kwanza. Kinachobaki kinashikana na hewa na kugeuka utomvu wa rangi ya kahawia. Kwenye mashine yako kuna oili pia ndani ya ile petroli, nayo hairuki, inabaki chini ya bakuli la kabureta na kuukoleza ule utomvu. Tundu za jeti, vile vipande vinavyopimia petroli ndani ya kabureta, ni ndogo kiasi kwamba hazihitaji uchafu mwingi kuziba. Jeti ya mwendo mdogo ndiyo inayoziba kwanza, ndiyo maana mashine iliyolala vibaya huwa inawaka ukiishikilia moto mkubwa na kuzima ukiiachia.

Tangi kujazwa ni ushauri mzuri kwa chombo ambacho tangi lake limejengewa humo humo na haliwezi kumwagwa, kwa sababu tangi tupu linaacha nafasi ya hewa yenye unyevu, na unyevu ule unageuka matone usiku. Tangi lako ni la kubeba mkononi. Limwage, likaushe, lifunge. Na kwa kuwa mnachanganya wenyewe, wiki ya mwisho mwambie nahodha achanganye kinachotosha safari tu. Kwa mashine nyingi za aina yako ni 50 kwa 1, maana yake mililita 400 za oili kwa dumu la lita 20. Angalia kitabu cha mashine yako kama kinasema hivyo. Petroli ambayo haijachanganywa inaweza kwenda kwenye pikipiki ya nyumbani siku hiyo hiyo. Iliyochanganywa haina pa kwenda, na ikifika Agosti nisingeitia kwenye mashine yangu. Na kokote itakakobaki, isilale chumba kimoja na watu wala karibu na jiko.

Kisha ni kabureta yenyewe. Tafuta pipa lililokatwa, lijaze maji masafi mpaka yapite juu ya matundu ya kuvutia maji ya mashine, uifunge mashine vizuri, uiwashe bila gia. Iache ipate joto, dakika tano au kumi zinatosha, huku ukiangalia inakojoa sawasawa, yaani inatoa maji ya kupoozea kwenye kitundu chake. Halafu chomoa mpira wa petroli na uiache inguruma taratibu mpaka imalize petroli iliyo ndani. Taratibu, narudia. Kuna mafundi wanaoivuta moto mkubwa ili imalize haraka, nami sikubaliani nao hata kidogo. Mashine ya kuchanganya inapata oili yake ndani ya petroli, na petroli ikikatika wakati pistoni inakwenda mbio, silinda inabaki kavu.

Watu wengi wanaishia hapo, wakiamini kabureta imekauka. Haijakauka. Injini inazima petroli ikishuka chini ya jeti, na chini ya jeti bado kuna kiasi kinachobaki kwenye bakuli. Chini ya kila kabureta kuna skrubu ndogo ya kumwagia. Mwambie fundi aifungue na akinge kinachotoka kwenye glasi ya kioo, kisha akupe wewe uishike na uiangalie kwenye mwanga. Petroli safi inapitisha mwanga. Ukiona vitone vya mviringo vimekaa chini vikitelezateleza ukiinamisha glasi, hayo ni maji, na yametoka kwenye madumu au kwenye tangi lenu. Ukiona mchanga mwembamba, chujio la petroli limechoka. Dakika moja na glasi hiyo inakuambia mengi kuliko maelezo ya nahodha. Chujio lenyewe lifunguliwe, lisafishwe, na likiwa limechanika libadilishwe.

Sasa oili ya ndani. Petroli ikishaondoka, kuta za silinda, ringi na beringi za krankishafti zinabaki na utando mwembamba tu wa oili, na unyevu ukifika hapo kutu inaanza. Zipo dawa za kupuliza zinazouzwa kwa kazi hii, zikipatikana, vizuri. Zisipopatikana, oili ile ile mnayochanganyia inafanya kazi. Mashine inapoanza kulegea kwa kukosa petroli kule kwenye pipa, fundi adondoshe oili kidogo kidogo kwenye mdomo wa kabureta kwa kopo lenye mrija mwembamba. Moshi utakuwa mzito na mweupe, kisha mashine itazima. Moshi huo usikutishe, ndio ushahidi kwamba oili imefika kwenye beringi za chini, mahali ambapo huwezi kuifikisha kwa njia nyingine bila kufungua injini. Baada ya hapo chomoa ile klipu ya kamba ya usalama ili kusiwe na cheche, fungua plagi, tia kijiko kimoja cha chai cha oili safi kwenye kila silinda, na uvute kamba ya kuwashia polepole mara kadhaa ili oili ienee. Rudisha plagi. Zile za zamani zinatosha kwa kulala; mpya zingoje siku ya kuamka.

Anayedhani hii ni kazi ya kupoteza oili aitazame Liemba, ile meli kongwe ya ziwa letu. Mwezi Julai 1916 Wajerumani, walipokuwa wanaondoka Kigoma, waliizamisha wenyewe meli yao Graf von Götzen isije ikachukuliwa na adui. Kabla ya kuizamisha, mafundi wake walizipaka mashine zake grisi nzito. Mwaka 1924 Waingereza waliiibua kutoka chini ya maji, wakakuta mashine bado zinafaa kutumika, na mwaka 1927 ikarudi ziwani ikiitwa Liemba. Miaka kadhaa chini ya Tanganyika, na chuma kikapona kwa sababu kulikuwa na watu walioona umuhimu wa kukipaka siku ya mwisho. Stoo yako ni mahali pazuri zaidi ya chini ya ziwa, lakini kanuni ni hiyo hiyo.

Gia boksi ndiyo nataka tukae nayo zaidi, kwa sababu ndiyo iliyokutoa machozi na ndiyo inayosahauliwa na wengi. Ile sehemu ya chini yenye umbo la samaki, iliyoshika propela, ina oili yake peke yake, haihusiani na ile mnayochanganya. Inazuiwa isitoke, na maji yasiingie, na sili za mpira zilizozunguka shafti ya propela. Adui wa sili hizo hapa kwetu ni uzi. Kipande cha nyavu ya dagaa kikinaswa kwenye propela, kinajiviringisha, kinaingia nyuma yake, kinazunguka na shafti mpaka kinapata moto na kuikata sili. Nahodha hatajua. Mashine itakwenda vizuri tu, wiki hata miezi, huku kila inapopoa ikivuta maji kidogo ndani.

Wakati mashine inafanya kazi kila siku, maji hayo yanavurugwa na oili, na gia zinaendelea kupata utelezi kiasi fulani. Ikilala, maji yanajitenga na kushuka chini, yanatua kwenye beringi na meno ya gia yaliyosimama mahali pamoja, na kutu inakula pale pale. Siku ya kufunguliwa ziwa mashine inawaka, kila mtu anafurahi, beringi iliyolika inaanza kusagika, na baada ya siku chache unasikia kelele. Fuatisha maelezo yako na hayo niliyoandika uone kama hayafanani.

Namna ya kukagua ni hii. Acha mashine imesimama wima usiku kucha. Asubuhi weka beseni safi chini yake. Kuna skrubu mbili kubwa upande mmoja wa gia boksi, moja chini na moja juu. Fundi ailegeze ya chini tu, kidogo, mpaka tone la kwanza litoke. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo kama yapo yatakuwa yametangulia chini na yatatoka ya kwanza. Kisha aitoe kabisa, afungue na ya juu ili hewa iingie, oili ishuke yote. Oili iliyotumika vizuri inakuwa nyeusi au ya kahawia, inateleza, inang'aa. Oili iliyoingiliwa na maji inakuwa kama chai ya maziwa, na hiyo huhitaji kuwa fundi kuitambua. Ukiiona, sili zibadilishwe kabla mashine haijalala. Usikubali kuambiwa "tutaweka oili mpya kwanza, tuone". Oili mpya juu ya sili mbovu itakuwa chai ya maziwa tena.

Skrubu ya chini kwenye mashine nyingi ina sumaku ndogo kwenye ncha yake. Ukungu laini wa kijivu juu yake ni kawaida, ni gia zinavyolika polepole. Vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole ni habari mbaya, na ni heri uzipate Mei kuliko Agosti.

Oili ya gia ikiwa inatoka, propela ifunguliwe. Pini inanyooshwa na kuchomolewa, nati inatoka, propela inavutwa nyuma pamoja na wosha zake. Hapo chukua tochi. Mara nyingi utakuta pete ya uzi, imekazana na kuyeyuka mpaka inafanana na plastiki. Ikatwe yote na itolewe, na sili ikaguliwe hata kama oili ilikuwa nzuri. Shafti isuguliwe, ipakwe grisi ya kuzuia maji kwenye mikato yake, ndipo propela irudi na pini mpya. Propela isiyopakwa grisi inashikana na shafti, na siku ya kuibadilisha watakuja watu na nyundo.

Kujaza oili mpya kuna siri moja ambayo wengi wanaikosea. Inajazwa kutoka tundu la chini, kwa pampu au chupa yenye mrija, mpaka itokeze kwenye tundu la juu bila mapovu. Ikipanda kutoka chini inaisukuma hewa mbele yake. Ukimimina kutoka juu, hewa inabaki imenaswa katikati na unadhani imejaa kumbe ni nusu. Ikishatokeza, funga kwanza skrubu ya juu, kisha ondoa mrija na ufunge ya chini haraka. Itamwagika kidogo sana. Oili ni ile ya gia namba 90, si oili ya gari wala ya kuchanganyia. Na zile wosha ndogo za skrubu ziwe mpya. Ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote kwenye kazi hii, na wosha ya zamani iliyobanwa mara mbili tatu inapitisha maji kama sili iliyokatika. Oili chafu isimwagwe ziwani wala mchangani, tunakunywa maji hayo. Iwekwe kwenye dumu lake, wapo wanaoitafuta kwa kupaka mbao.

Kuhusu maji ya kupoozea nitasema kifupi. Nasikia watu wanasema Tanganyika ni maji baridi, hayana chumvi kama ya Dar es Salaam, kwa hiyo hakuna cha kusafisha. Ni kweli nusu. Maji ya ziwa letu yana madini mengi na yana ualikali, na yakikaukia kwenye chuma cha moto yanaacha ukoko mweupe. Isitoshe, boti zinapakia na kushusha kwenye maji mafupi ya mchangani, na pampu inavuta mchanga. Kule kuinguruma kwenye pipa la maji masafi kunasaidia kusukuma uchafu huo nje. Kama mwaka huu mashine imekuwa ikikojoa kidogo kidogo, au imepita misimu bila kubadilishiwa impela ya pampu ya maji, ibadilishwe sasa wakati gia boksi iko mikononi mwa fundi. Mabawa ya impela ni mpira. Yakishakunjika na kukauka hayarudi.

Baada ya pipa, mashine isimame wima mpaka iache kudondosha maji kabisa, ndipo ibebwe. Nimeona mashine zikitolewa majini na kulazwa papo hapo juu ya mkokoteni au bodaboda, propela imenyanyuka juu na kichwa kiko chini. Maji yaliyobaki kwenye njia ya moshi yanarudi yanateremka mpaka kwenye silinda. Kazi yote ya oili inaishia hapo.

Sasa stoo. Naomba unijibu moyoni: ni stoo hiyo hiyo ya dagaa? Kama ndiyo, ndipo penye tatizo lako la tatu ambalo hujaliona bado. Dagaa wanaita panya, na panya akimaliza dagaa anahamia kwenye nyaya za umeme chini ya mfuniko wa mashine, ambako ni joto na pakavu. Na kama kuna magunia ya chumvi, hata yakiwa yamefungwa vizuri, chumvi inavuta unyevu wa hewa na vumbi lake linatua kwenye chuma. Mashine iwe kwenye chumba kingine, kikavu, imefungwa kwenye stendi ya mbao imara ikiwa wima, haigusi sakafu. Turubai la plastiki lililokazwa nalo silipendi, linafungia unyevu ndani. Shuka nzee au gunia safi la katani linazuia vumbi na kuacha hewa ipite. Ziba tundu la kukojolea na mdomo wa moshi kwa vitambaa, kwa sababu nyigu wanaojenga kwa udongo wanayapenda sana matundu hayo, kisha funga kitambaa chekundu kwenye mpini wa mashine ili anayekuja kuiwasha akumbuke kuna vitu vya kutoa. Sehemu zote zenye nipo, zile chuchu za kuingizia grisi, zipigwe grisi mpaka ya zamani itoke, na chuma kilicho wazi chini ya mfuniko kipakwe oili nyepesi. Na kabla ya kufunga mlango, piga picha namba ya mashine na uiandike mahali. Miezi ya ziwa kufungwa ndiyo mashine zinaibwa na kuhama wenyewe.

Hilo la kuiwasha kila wiki, lisahau. Najua wanaokushauri wanakutakia mema, lakini wanakurudisha ulikotoka. Kila ukiiwasha unarudisha petroli kwenye kabureta uliyoikausha na unaiosha oili uliyoiweka kwenye silinda. Petroli ikiungua inatoa mvuke wa maji; mashine ikizimwa kabla haijapata joto la kutosha, mvuke ule unabaki ndani na kuwa matone. Na mbaya zaidi, kijana akiiwasha pale stoo bila pipa la maji, impela inazunguka kavu, na mpira mkavu hauhitaji dakika nyingi kuungua. Ukitaka kuitembelea, nenda mara moja au mbili kwa mwezi, klipu ya usalama ikiwa imechomolewa, vuta kamba polepole pistoni ihame mahali ilipokuwa. Angalia panya. Funga mlango, ondoka.

Wenye mashine za mipigo minne wafanye yote hayo, waongeze kubadilisha oili ya injini na chujio lake kabla ya kulaza, mashine ikiwa na moto. Oili iliyotumika imebeba asidi na maji ya mwako, na kuiacha ilale humo miezi mitatu ukitarajia kuibadilisha Agosti ni kuilaza injini na uchafu wake. Wenye betri wazitoe, wazichaji zikajaa, na wazichaji tena kila mwezi.

Siku chache kabla ya kufunguliwa, isiwe usiku wa kuamkia, toa vitambaa, weka plagi mpya za namba iliyoandikwa kwenye kitabu, changanya petroli mpya, kagua mpira wa petroli kama haujapasuka, na urudi kwenye pipa. Itatoa moshi mwingi mwanzoni, ndiyo ile oili yako inaungua. Ikishindwa kukojoa ndani ya nusu dakika, izimwe papo hapo na tundu lichokonolewe kwa waya laini. Iende taratibu mpaka moshi uwe mwepesi. Ikishafanya safari zake za kwanza, ile skrubu ya chini ya gia boksi ilegezwe tena kwa tone moja tu, uone rangi.

Kwa nafasi yako, wewe ambaye huingii ziwani, sikuambii ushike spana. Kaa pale kwenye kiti siku fundi anafanya kazi, tangu pipa linajazwa mpaka mashine inafika kwenye stendi. Omba uoneshwe glasi ya kabureta, beseni la oili ya gia na kile kilichotoka nyuma ya propela, na usimlipe mpaka umeviona kwa macho yako. Fundi mzuri hatachukia. Mimi mwenyewe napenda mwenye mali akiwepo, kwa sababu nikimwonesha sili iliyokatwa na uzi hatanibishia bei ya mpya. Na nahodha awepo pia, aone uzi huo umekaa wapi, maana yeye ndiye atakayeuzuia usirudi: nyavu ikinaswa, mashine izimwe na inyanyuliwe uzi utolewe pale pale, asijaribu kuukata kwa kuongeza moto.

Ukiikuta oili ya gia imekuwa ya maziwa tena mwaka huu, baada ya matengenezo yale, niandikie uniambie fundi alibadilisha nini hasa. Inawezekana shafti yenyewe imechimbika pale sili inapokaa, na hapo hata sili mpya haitashika mpaka shafti ishughulikiwe.